Mkumbuke Baba kwa Kusoma na Kusafiri

Arobaini imepita. Maturubai yameshushwa, ndugu wamerudi makwao, na ndani imebaki rafu ya vitabu vya baba, madaftari yake na begi la safari nyuma ya mlango. Usigawe kitu bado. Kuna kazi ya kufanya kwanza, na ukiitengea Jumamosi chache utaimaliza.

Anza na karatasi. Hati ya kiwanja, kadi ya gari, kadi ya benki na vyeti ni vitu vya mirathi. Vikabidhi kwa msimamizi mbele ya ndugu, mambo yaishe. Kinachobaki ndicho chako: barua, madaftari, risiti za nyumba za wageni, tiketi za treni, ramani iliyochanika kwenye mikunjo. Tiketi usitupe hata moja. Ina tarehe na jina la stesheni, na ukizipanga zote mezani utaona safari za familia zinavyofuatana mwaka hadi mwaka.

Sauti yake iokoe mapema. Fungua WhatsApp, tafuta kila ujumbe wa sauti aliokutumia, uhifadhi nje ya simu. Waambie na wadogo zako wafanye hivyo leo, maana simu huibwa na simu hudondoka kwenye maji. Kila faili ipe jina lenye tarehe na alichokuwa akikisema. Ukiandika "sauti ya baba" tu, baada ya miaka mitano hutajua ipi ni ipi.

Kama aliacha kaseti, kabla hujaicheza vunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo mgongoni mwake. Hapo hakuna atakayerekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kisha ipeleke kwa fundi aihamishie kwenye kompyuta, nawe ukae hapo hapo hadi amalize.

Picha zilizogandia kwenye albamu usizibandue. Ilete albamu karibu na dirisha mchana, zima flashi, piga ukurasa mzima, kisha picha moja moja. Zilizo huru ziandike majina nyuma kwa penseli, maana wino huweza kupenya ukatokea mbele. Kazi hii ifanye ukiwa na mama. Andika anavyosema yeye, pamoja na yale majina ya utani.

Sasa nenda kwa wazee, na hapa usikimbie. Rafiki wa baba wa ujanani anajua mambo ambayo nyumbani hayakuwahi kusemwa. Piga simu kwanza, toa shikamoo yako, omba siku. Nenda na sukari au chochote mlichozoea kwenu. Simu iweke kwenye hali ya ndege isikatishe maongezi, ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa karibu naye, omba redio izimwe. Mwombe ruhusa ya kurekodi kabla hujabonyeza.

Usimuulize baba alikuwa mtu wa namna gani. Utajibiwa alikuwa mtu mzuri, na hapo maongezi yamekwisha. Uliza mambo yaliyotokea. Gari lilipokwama, mlilala wapi? Nani alimwazima kitabu cha kwanza? Alikuwa akisomea wapi usiku, na kwa taa gani?

Zijue na nyakati zake. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya: watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kama baba alikuwa kijana au mwalimu miaka hiyo, uliza alikuwa kikundi gani, redio ilikuwa ya nani, na alimfundisha nani kusoma. Ukitajiwa jina, mtafute mwenye jina. Huyo ndiye mtu wako wa pili wa kuzungumza naye.

Vitabu vipitie kimoja kimoja kabla ya kutoa. Popote baba alipoandika pembeni, piga picha ukurasa huo. Vyenye mwandiko wake vibaki kwenye familia, viinuliwe kutoka sakafuni ili mchwa na unyevu visivifikie. Vingine mpelekee mwalimu wa shule ya jirani orodha kwanza, achague anavyovihitaji. Kitabu cha kiada cha mtaala wa zamani kitajaza kabati tu.

Halafu safirini. Mimi naiona hii kuwa sehemu kubwa kuliko zote, kwa sababu wajukuu wasiomkumbuka babu wataikumbuka safari. Chagueni njia aliyowapitisha, au ile aliyokuwa akiisema kila mwaka asiipite.

Chukua mfano wa Kondoa. Michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 inafikika kupitia Kolo, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Babati. Mnapita ofisi ya kituo pale Kolo, mnalipa kiingilio, mnapewa mtu wa kuwaongoza. Vaeni viatu vya kufunga na bebeni maji, kilima kina mawe. Michoro msiiguse wala kuilowesha ili ing'ae kwenye picha, maji huiharibu.

Wiki moja kabla, mpe kila mtoto swali lake. Mmoja atafute nani alikwenda kunakili michoro hiyo mwaka 1951. Ni Mary Leakey, lakini usimwambie. Mwingine atafute rangi nyekundu ilitengenezwa na nini. Majibu yatolewe juu kule, mbele ya mwamba, kwa sauti. Baba yangu alikuwa akitufanyia hivyo kwenye kila daraja: gari linasimama, tunaulizwa mto unaitwaje na unaelekea wapi, na haliondoki mpaka mmoja wetu ajibu.

Kama safari yenu ilikuwa ya treni, reli ya TAZARA ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Si lazima mzimalize. Dar es Salaam hadi Ifakara inawatosha watoto, ila ulizia ratiba stesheni kabla hujaahidi. Na kama mfuko haujakaa vizuri, siku ya kuzaliwa ya baba wapeleke watoto maktaba ya mkoa, kila mmoja achague kitabu, jioni asimulie alichosoma.

Mkirudi, weka sauti, picha na maelezo kwenye folda moja, nakala zikae kwa ndugu wawili wanaoishi nyumba tofauti.

Ukiwa na nafasi ya jambo moja tu wiki hii, rafu iache ilivyo. Vitabu vitasubiri. Mpigie simu yule rafiki wa baba aliye mzee kuliko wote, na umpigie leo.