SOMO LA TANO: Kichwa Kikubwa na Mgongo Wazi – Kutambua Mapema na Kudai Huduma Stahiki

Katika masomo yaliyotangulia tulizungumzia mizani ya dukani, mikataba ya mikopo na bidhaa zilizokwisha muda wake. Somo hili linahusu bidhaa ya namna nyingine, nayo ni huduma ya matibabu. Anayenunua sukari pungufu atapoteza shilingi kadhaa. Mzazi anayechelewa kupata huduma sahihi kwa mtoto mwenye maji kichwani aweza kupoteza kitu kisichorudishwa kwa stakabadhi wala kwa shauri mahakamani: uwezo wa mtoto kuona, kutembea au kujifunza.

Hali tunazozieleza hapa si za kila siku, na pengine zahanati ya kijiji hupitisha miaka bila kuiona hata moja. Ndiyo sababu mzazi mwenyewe apaswa kuwa na maarifa ya kutosha ya kuuliza, kupima na kusisitiza.

Maji ya kichwani hutoka wapi?

Ubongo wa kila mwanadamu huelea ndani ya maji safi ambayo pia huuzunguka uti wa mgongo. Kwa mtu mzima, mwili hutengeneza takriban nusu lita ya maji hayo kila siku, ilhali nafasi yake haizidi sana mililita 150. Maana yake ni kwamba maji hayo hutengenezwa na kufyonzwa mfululizo, mchana na usiku. Njia yake ikiziba, au ufyonzwaji wake ukiharibika, maji hujikusanya na kuukandamiza ubongo.

Mifupa ya fuvu la kichanga bado haijaungana, kwa hiyo kichwa hutanuka. Ndipo watu husema mtoto ana kichwa kikubwa. Ukubwa huo si ugonjwa wenyewe, bali ni alama ya shinikizo lililo ndani.

Wapo wanaozaliwa na hali hii. Wengine huipata baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo au maambukizi mengine makali katika wiki za kwanza za maisha. Uchunguzi uliofanywa Mbale, nchini Uganda, na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto waliopokelewa huko walikuwa wamepata hali hii kutokana na maambukizi. Kwa hiyo mama asishutumiwe kwa laana, wala familia isitafute mchawi. Chanzo cha hali hii kimo mwilini, na kinaelezeka.

Utepe wa kupimia ni shahidi mzuri kuliko macho

Macho ya mzazi humzoea mtoto wake, na kichwa kinachokua kidogo kidogo hakishtui. Kwa sababu hiyo tunashauri kipimo. Zungusha utepe, kama ule wa fundi cherehani, juu ya nyusi na kuupitisha sehemu ya nyuma ya kichwa iliyochomoza zaidi. Kichanga aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa na mzunguko wa kichwa wa takriban sentimita 35. Katika miezi 3 ya kwanza huongezeka kama sentimita 2 kila mwezi. Katika miezi 3 inayofuata kama sentimita 1 kila mwezi. Baada ya hapo kama nusu sentimita.

Tuchukue mfano. Mtoto amezaliwa na sentimita 36. Mwezi wa kwanza amepimwa 40, mwezi wa pili 44. Hata asiyejua udaktari ataona kwamba ongezeko hilo ni maradufu ya lililotarajiwa. Mzazi mwenye tarakimu hizo katika kadi ya kliniki hawezi kuambiwa kwa wepesi, "Nenda nyumbani, atakua tu." Kwa hiyo kila uendapo kliniki, omba mzunguko wa kichwa upimwe na uandikwe pamoja na uzito.

Dalili nyingine ni hizi: utosi uliotuna na kukakamaa hata mtoto akiwa ametulia na kuketishwa, mishipa ya damu inayojitokeza kichwani, macho yanayoelekea chini kana kwamba hayawezi kuinuka, kutapika mara kwa mara, kulia kusikokoma au kusinzia kupita kiasi, na degedege. Mtoto mwenye dalili hizi afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mgongo wazi, na ule unaojificha

Katika siku 28 za mwanzo baada ya mimba kutungwa, mara nyingi mama akiwa hata hajajua kuwa ni mjamzito, mfereji ambao utakuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga. Usipojifunga vizuri upande wa chini, mtoto huzaliwa na kidonda au uvimbe mgongoni ambamo mishipa ya fahamu imo wazi. Wengi wa watoto hao hupata pia maji kichwani. Aidha, baadhi yao huwa na hali iitwayo Chiari, ambapo sehemu ya chini ya ubongo imeshuka na kuingia katika tundu la shingo. Dalili zake ni shida ya kumeza, kupumua kwa kukoroma, au kilio dhaifu.

Mtoto mwenye mgongo wazi alazwe kifudifudi au kwa ubavu. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi cha hospitali kilicholowanishwa kwa maji ya chumvi ya dripu, na mtoto apelekwe rufaa bila kukawia. Kwa kawaida madaktari hukusudia kulifunga jeraha hilo ndani ya siku 2 au 3 tangu kuzaliwa ili kuzuia maambukizi. Kisipakwe majani, majivu, mafuta wala dawa ya meno.

Upo pia mgongo uliofungwa kwa ngozi lakini wenye kasoro ndani. Kishungi cha nywele, uvimbe laini, alama nyekundu au kishimo kirefu juu ya kiuno cha mtoto ni sababu ya kuomba uchunguzi. Baadhi ya watoto hao huwa na uti wa mgongo ulionaswa: mtoto arefukapo, uti huvutwa. Aliyekwisha kutembea huanza kuchechemea, na aliyeacha kukojoa kitandani huanza tena. Mzazi asimwadhibu kwa uvivu au utundu kabla ya kumpeleka apimwe.

Uchunguzi na matibabu

Kwa mtoto ambaye utosi wake bado uko wazi, ultrasaundi hupitishwa hapo na kuonyesha maji yaliyo ndani. Haina maumivu wala mionzi, na bei yake ni nafuu kuliko vipimo vingine vya picha. Kipimo cha CT huonyesha vizuri mifupa na maji, ila hutumia mionzi. Cha MRI hakitumii mionzi, nacho huonyesha vizuri zaidi ubongo na uti wa mgongo. Mlaji ana haki ya kuuliza: "Kipimo hiki kitabadilisha nini katika matibabu ya mwanangu?" Daktari mwema hukasiriki kwa swali hilo.

Tiba ya maji kichwani ni upasuaji, nao una njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuwekewa mpira mwembamba wenye vali, unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni, ambako maji hufyonzwa. Ya pili ni kuingiza darubini ndogo na kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo. Kwa watoto wachanga, tishu zinazotengeneza maji nazo huunguzwa kwa kiasi. Matumizi ya pamoja ya mbinu hizo mbili kwa vichanga yaliendelezwa Mbale na daktari Benjamin Warf kuanzia mwaka 2001.

Ipi iliyo bora? Utafiti uliofanywa Uganda kwa vichanga 100 na kuchapishwa mwaka 2017 ulilinganisha njia hizo, na baada ya mwaka 1 haukuona tofauti ya maana katika ukuaji wa akili. Uchaguzi hutegemea umri wa mtoto, chanzo cha maji, na ujuzi na vifaa vilivyopo. Njia ya darubini haiachi kifaa mwilini, lakini haifai kwa kila mtoto. Mpira hufaa kwa wengi, lakini waweza kuziba au kupata maambukizi. Takriban watoto 4 kati ya 10 huhitaji marekebisho ndani ya miaka 2 ya kwanza.

Liko jambo jingine linalomhusu mlaji moja kwa moja, nalo ni bei ya mpira. Utafiti wa mwaka 2005 wa watoto 195 nchini Uganda ulilinganisha mpira wa bei nafuu uliotengenezwa India na mwingine wa bei kubwa zaidi. Matokeo ya mwaka 1 hayakutofautiana. Kwa hiyo mzazi asiye na uwezo asidhani kwamba mwanawe amepewa kilicho duni kwa sababu tu ni cha bei ndogo. La muhimu ni kwamba kifaa kiwe kimesajiliwa, kikiwa katika pakiti isiyofunguliwa, na hakijapitwa na muda. Nchini Tanzania, usimamizi wa vifaa tiba uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Haki zako na maswali ya kuuliza

Upasuaji wa aina hii hufanyika katika hospitali chache, miongoni mwake Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, na Hospitali ya Bugando, Mwanza. Omba barua ya rufaa iliyoandikwa, nakala ya vipimo, na tarehe ya kuonwa. Sera ya nchi huwasamehe watoto walio chini ya miaka 5 malipo ya matibabu katika vituo vya umma. Hata hivyo gharama za nauli na malazi hubaki, na mara nyingine kifaa hukosekana. Usirudi nyumbani kimya kwa sababu ya fedha; muone kwanza ofisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, uliza:

1. Mtoto ana tatizo gani, na limethibitishwa kwa kipimo kipi?
2. Kwa nini njia hii na si nyingine? Tukisubiri kutatokea nini?
3. Ni hatari zipi zinazojulikana?
4. Gharama yote ni kiasi gani, na nini hakimo ndani yake?
5. Likitokea tatizo usiku, twende wapi na tumpigie nani?

Sahihi yako ni kibali kilichotolewa baada ya kuelewa, wala haiondoi haki yako ya kulalamika iwapo kumetokea uzembe. Unaweza pia kuomba maoni ya daktari wa pili. Kila malipo yadaiwe stakabadhi. Ikiwa una shaka na usajili wa daktari, ulizia Baraza la Madaktari Tanganyika. Kuhusu mganga wa asili, ulizia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Tahadhari na matangazo

Wapo wanaotangaza dawa ya "kukausha maji kichwani" au ya "kuziba mgongo bila kisu". Hakuna dawa ya kunywa, ya kupaka wala ya kuchanjia iliyothibitishwa kutibu hali hizi. Mama anayeuza mbuzi wawili kulipia chupa tatu za dawa hupoteza zaidi ya mbuzi, kwa kuwa kila wiki ipitayo ubongo unazidi kukandamizwa. Maombi na faraja ya jamaa ni stahiki ya kila familia, lakini visiwe sababu ya kuahirisha tarehe ya upasuaji.

Baada ya upasuaji

Mtoto mwenye mpira arudishwe hospitali haraka akipata homa isiyoeleweka, kutapika, usingizi mzito, maumivu ya kichwa, degedege, au wekundu na uvimbe katika njia ya mpira. Andika aina ya mpira na tarehe uliyowekwa, ukaweke karatasi hiyo pamoja na kadi ya kliniki. Kwa mtoto wa mgongo wazi, uliza mapema kuhusu kibofu: wengi huhitaji kutolewa mkojo kwa katheta mara kadhaa kwa siku ili kulinda figo, na mzazi hufundishwa kuifanya kazi hiyo nyumbani. Waarifu pia wahudumu kwamba watoto hawa hupata kwa urahisi mzio wa glavu na vifaa vya mpira wa asili.

Kinga

Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kuanzia kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12, hupunguza sana uwezekano wa mgongo wazi. Mwanamke aliyewahi kupata mtoto mwenye hali hiyo huhitaji kiasi kikubwa zaidi, kwa maelekezo ya daktari. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa kinga hiyo ilizuia takriban visa 7 kati ya 10 vya kurudia. Ununuapo unga wa ngano au wa mahindi, tafuta alama ya kuongezwa virutubishi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kipimo cha utepe ni bora kuliko kutazama kwa macho?
2. Mtoto wa jirani amezaliwa na uvimbe ulio wazi mgongoni. Utashauri nini katika saa ya kwanza, na nini utakikataza?
3. Taja maswali matatu utakayouliza kabla ya kutia sahihi.
4. Mtoto mwenye mpira ametapika usiku kucha na hataki kuamka. Je, utangoja kliniki ya Jumatatu?

Jibu la swali la mwisho ni hapana. Tunamwomba kila msomaji akimaliza somo hili ampe mwingine kijitabu, hasa mwenye ujauzito au kichanga. Huenda nyumba ya pili ndiko kuliko na kadi ya kliniki ambayo tarakimu zake hazijawahi kusomwa.