Udongo Uliojaa Maji Hupoteza Mbolea na Kuchafua Hewa

Mahindi yanapofika magotini, wakulima wengi hutia mbolea ya CAN. Mfuko mmoja wa kilo 50 huwa na takribani kilo 13 za naitrojeni, lakini si zote hufika kwenye mmea. Sehemu husombwa na maji, na nyingine hupaa hewani ikiwa gesi iitwayo naitrasi oksidi.

Gesi hii haionekani wala hainuki. Hata hivyo, kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja yake huongeza joto duniani takribani mara 270 kuliko kilo moja ya kaboni dayoksidi.

Hutokeaje?

Ndani ya udongo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huvuta hewa iliyo kwenye matundu ya udongo. Mvua kubwa ikijaza matundu hayo, hewa hupungua. Baadhi ya vijidudu hutumia oksijeni iliyo katika naitreti ya mbolea, na naitrojeni hutoka kama gesi. Udongo ulioshindiliwa na trekta au kwato za ng'ombe hukosa hewa upesi zaidi.

Asidi nayo huchangia. Katika udongo wenye asidi nyingi, kama ulivyo katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, vijidudu hushindwa kukamilisha kazi ya kuigeuza gesi hii kuwa naitrojeni ya kawaida isiyo na madhara. Hivyo nyingi zaidi hutoroka.

Mkulima afanye nini?

• Asitie mbolea mvua kubwa ikikaribia, au shamba likiwa limetuama maji. Akibana udongo mkononi na maji yakachuruzika, asubiri.

• Agawe mbolea ya kukuzia mara mbili badala ya kuitia yote kwa mpigo, kisha aifunike kwa udongo.

• Achimbe mitaro ya kuondoa maji, na asiingize mifugo au trekta shambani kukiwa na matope.

• Apime udongo kabla ya msimu. Chokaa ya kilimo itiwe kulingana na matokeo ya vipimo, si kwa kukisia.

Hatua hizi hupunguza gesi hewani na kumwachia mkulima mbolea aliyoinunua kwa jasho lake. Wakazi wanaotaka kupima udongo wamwone afisa wa kilimo wa wadi yao mapema, kabla ya kununua mbolea.