Piga Magoti Uione Nyumba Yenu

Somo la leo halitaki kalamu wala rula. Linataka magoti yako tu. Ukirudi nyumbani leo, piga magoti mlangoni, kisha tambaa polepole mpaka jikoni na urudi. Usione haya. Wakikucheka, waambie ni kazi ya shule.

Ukiwa huko chini utashangaa. Kuni zinazowaka zimechomoza mbele ya pua yako. Sufuria ya uji iko usawa wa kidevu. Kisu cha kukatia mboga kiko chini ya kigoda, na ndoo ya maji imeachwa wazi. Uvunguni mwa kitanda kuna chupa ya soda. Wewe unajua, na baba anajua, kwamba ndani yake hamna soda. Ni dawa ya pamba iliyobaki baada ya kupulizia shamba.

Mdogo wako wa mwaka mmoja na nusu hajui. Anachojua yeye ni kwamba juzi, siku ya sherehe, chupa kama ile ilikuwa na kitu kitamu.

Wengi wetu tukisikia "kupanga nyumba" tunafikiria vitambaa vya viti na kufagia kabla mgeni hajafika. Huko ni kupanga kwa ajili ya macho ya mgeni. Leo tunajifunza kupanga kwa ajili ya mikono ya mtoto. Mambo ya kupanga ni matatu: vitu, saa na watu.

Kama unaishi Bukundi, wilaya ya Meatu, picha hii unaifahamu. Mkoa wa Simiyu ni miongoni mwa mikoa inayolima pamba kwa wingi zaidi nchini, na Meatu ni sehemu kavu. Maji hayako mlangoni kwa kila mtu. Msimu wa kilimo mama anatoka alfajiri kwenda shamba, kaka yuko na ng'ombe, baba ana bomba la dawa mgongoni. Nyumbani anabaki bibi ambaye macho yake hayaoni vizuri tena, pamoja na mtoto ambaye ndiyo kwanza miguu yake imepata nguvu. Wewe unarudi shule saa 10 jioni, na kazi zote zinakungoja wewe.

Labda unasoma gazeti hili ukiwa mjini Bariadi au Mwanza na kwenu hakuna dawa ya pamba. Sawa, lakini kuna mafuta ya taa, dawa ya panya na dawa ya kung'arishia nguo. Somo ni lile lile.

1. PANGA VITU

Dawa ya pamba. Hii isikae chumbani wala jikoni. Ibaki katika chupa yake ya dukani yenye maandishi, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na chakula. Usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji hata kwa siku moja. Na ile chupa tupu? Usiioshe ukawekea maziwa au maji. Sumu haiishi kwa kusuuzwa. Muulizeni afisa ugani wa kata yenu namna ya kuiteketeza. Anayetoka kupulizia aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na nguo zile zifuliwe peke yake.

Moto. Kama mnapikia mafiga, zungushieni jiko uzio wa miti au wekeni kizuizi mlangoni kinachofika kifuani kwa mtoto. Kuni zisukumwe ndani zisitokeze njiani. Chai na uji wa moto visiwekwe juu ya kitambaa ambacho mtoto anaweza kukivuta. Usipike ukiwa umembeba mtoto mgongoni. Mafuta yakiruka, yanawapata wote wawili. Jiko la mkaa lisilazwe chumbani mnamolala, hata kama kuna baridi. Hewa yake inaua kimya kimya, bila harufu.

Maji. Usicheze na ndoo. Mtoto anayejifunza kusimama akiinamia ndoo, kichwa chake kizito humvuta ndani, na maji ya kina cha vidole vichache yanatosha kumzamisha. Kila ndoo iwe na mfuniko. Shimo la choo nalo lifunikwe, na kisima kilicho karibu na nyumba kiwekewe uzio.

Vitu vidogo. Sarafu, shanga, vifungo, betri ndogo na karanga vinaweza kuziba koo la mtoto. Fagia sehemu anayochezea kabla ya kumweka, si baada ya kumweka.

Lakini jamani, ukimkataza mtoto kila kitu atalia kutwa, na wewe utachoka. Kwa hiyo mpe kona yake. Tandika mkeka kivulini, mwekee kibuyu kitupu, mwiko, kifuniko cha sufuria na gunzi la hindi. Hivyo havinunuliwi. Ukiwa unaosha vyombo karibu naye, ongea naye: "Hii sahani. Hii kubwa, hii ndogo." Unaweza kuona ni upuuzi, kumbe mwenzio yuko darasani.

Kitu cha mwisho ni kadi ya kliniki. Iweke katika mfuko wa plastiki, ining'inie mahali pamoja ambapo kila mtu anapajua. Siku mtoto akiugua usiku, hakuna atakayepekua masanduku kwa tochi.

2. PANGA SAA

Kila nyumba ina saa yake mbaya. Kwa nyumba nyingi za kwetu ni kati ya saa 11 jioni na saa 2 usiku. Ng'ombe wanaingia, maji ya kuoga yanachemka, ugali unasongwa, giza linaingia, na mtoto ana njaa na usingizi kwa wakati mmoja. Watu wazima wana mikono miwili tu, na yote ina kazi.

Huwezi kuongeza mikono, lakini unaweza kuhamisha kazi. Chukua karatasi, andika kila kazi ya nyumbani na saa inapofanyika. Halafu jiuliza: ipi inaweza kutoka kwenye saa mbaya? Mboga zinaweza kuchambuliwa mapema. Mtoto anaweza kuogeshwa saa 10 na nusu, jua likiwa bado na joto, na kupewa uji kabla moto mkubwa haujawashwa. Neti inaweza kushushwa kabla mbu hawajaanza kazi yao.

Katika karatasi hiyo hiyo andika saa moja na nusu ya kusoma. Usiandike "nitasoma nikimaliza kazi." Kazi za nyumbani haziishi, na wewe unajua. Andika: saa 2 na nusu mpaka saa 4, daftari. Kama mnatumia kibatari, kiweke juu mahali pasipotikisika, mbali na neti. Taa ya sola ni salama zaidi.

3. PANGA WATU

Sikiliza mazungumzo haya, uone kama hayajawahi kutokea kwenu.

"Mama, naenda kisimani."
"Mtoto je?"
"Nimemwacha kwa bibi."
"Bibi anajua?"
"...Sijamwambia."

Hapo ndipo ajali nyingi zinapozaliwa. Watu wanne wako nyumbani, kila mmoja anafikiri mwenzake ndiye anayemtazama mtoto. Basi shika kanuni hii: mtoto haachwi mahali, mtoto anapewa mtu. Anayekabidhi aseme, "Bibi, mpokee mtoto, mimi naenda kisimani." Anayepokea ajibu, "Nimempokea." Kama hajajibu, bado mtoto ni wako. Na kama bibi haoni vizuri, akae naye kwenye mkeka, mbali na moto. Mtoto wa miaka sita au saba asiachiwe mdogo wake karibu na jiko au maji. Yeye mwenyewe bado ni mtoto.

Wavulana, hapa msijifiche nyuma ya ng'ombe. Kumbeba mdogo wako hakupunguzi uanaume hata punje. Angalia ile karatasi ya saa: kama kazi sita ni za dada yako na moja ni yako, basi ujue wewe unafanya mtihani ukiwa na saa nyingi kuliko yeye. Hiyo si haki, bwana.

Na wewe msichana ambaye mtoto huyo ni wako mwenyewe, hujasahauliwa. Tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi katika shule za mfumo rasmi. Kwako karatasi ya saa na watu ni ya lazima zaidi. Kaa na wazazi mapema, mkubaliane kwa majina nani anampokea mtoto saa za masomo, na nani akiugua huyo wa kwanza.

NITAWAAMBIAJE WAZAZI?

Najua unawaza: "Mimi ni nani nimwambie baba ahamishe dawa yake?" Usianze kwa kumwambia amekosea. Chagua wakati ametulia, na uje na msaada mkononi.

"Shikamoo baba."
"Marahaba mwanangu. Vipi?"
"Baba, nimesoma habari za dawa ya pamba. Mdogo wangu siku hizi anafika kila mahali. Naomba nikusaidie tutafute sanduku la kufuli, tuiweke humo. Ufunguo utakaa kwako."

Umeona? Ufunguo unakaa kwake, na heshima inakaa kwake. Wazazi wengi watakubali. Akikataa, mwombe bibi au mjomba akusemee.

IKITOKEA AJALI

Ameungua. Mtoe kwenye moto, mvue nguo ambayo haijagandia kwenye ngozi, halafu mmwagilie maji safi ya baridi palipoungua kwa dakika 20. Kama maji ni machache, yakinge kwenye beseni safi na uyamwage tena. Funika kwa kitambaa safi, mfunike mwili asipate baridi, kisha mwende zahanati. Usipake dawa ya meno, unga, mafuta wala yai. Usitumbue malengelenge.

Amekunywa dawa au mafuta ya taa. Usimtapishe. Usimpe maziwa, hata kama majirani wanakuambia hivyo. Kama dawa imemwagikia mwili, mvue nguo na umwoshe kwa maji na sabuni, nawe jikinge mikono. Akilegea au kuzimia, mlaze ubavu. Mkimbize kituo cha afya mara moja, na ile chupa ibebeni, maana maandishi yake yatamwambia daktari pa kuanzia.

KAZI YA WIKI HII

1. Tambaa nyumbani kwenu kama tulivyosema. Andika hatari tano ulizoziona, na ziondoe mbili siku hiyo hiyo.
2. Chora karatasi ya saa ya kaya yenu. Saa mbaya ni ipi? Kazi ipi itahama?
3. Jadilini klabuni: kwa nini mtoto akiungua analaumiwa dada, lakini ratiba ya nyumba hapangi dada?
4. Wavulana na wasichana wabadilishane majukumu katika igizo fupi la mtu anayekabidhi mtoto na mtu anayepokea. Nani alisahau kujibu?

Kumbuka: hatari nyingi tulizozitaja leo haziondolewi kwa pesa. Zinaondolewa na kufuli moja, mfuniko mmoja, na neno moja: "Nimempokea." Anza leo jioni, kabla ya saa 11.