Shangazi, mume wangu anatembea na chumvi mfukoni

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu ni mwalimu mstaafu, tunaishi Katandala hapa Sumbawanga. Mwezi wa pili alipimwa akakutwa na presha, 160 kwa 100. Akapewa vidonge, tukaambiwa tupunguze chumvi na nyama za mafuta. Tangu siku hiyo sitii chumvi kwenye mboga hata chembe. Nanunua steki tupu, kuku namtoa ngozi. Sasa kila tukikaa kula ni vita, anasema namlisha chakula cha wodini. Juzi nafua koti lake nikakuta chumvi imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Nilimsema mbele ya watoto. Akanyamaza, na tangu hapo kila jioni anapitia kwenye mishikaki ndipo arudi nyumbani. Nimwache ale anachotaka? – Mama wa Katandala*

Marahaba, mwanangu. Hicho kikaratasi kimenichekesha, kisha kikanihuzunisha. Mtu aliyekamata vibuti vya watoto wa wenzake miaka yote hiyo, leo naye anaficha chake! Kamwombe radhi kwa kumsema mbele ya watoto. Hilo lifanye kabla hujawasha jiko.

Usimwache. Ila nikwambie ukweli, hapa kosa ni la chungu chako. Umetoa chumvi na mafuta siku moja, na pale vilipotoka hukuweka kitu. Ugali wetu hautiwi chumvi, uwe wa mahindi au wa ulezi, kwa hiyo mboga ndiyo inayosukuma tonge. Ikipooza, tonge linakwama. Tena chumvi huku kwetu ina heshima ya siku nyingi: kule Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, watu walikuwa wakipika chumvi ya chemchemi zaidi ya miaka 500 iliyopita. Wewe unataka mwalimu aisahau kwa wiki mbili.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai, ukijumlisha kila alichokula. Halikusema sifuri. Kwa chungu cha watu watano tia nusu kijiko cha chai, na uitie mwishoni nyama ikishaiva. Chumvi iliyobaki juu ya nyama ulimi unaikuta upesi. Ile iliyochemka saa nzima imeshazama ndani. Na iwe yenye madini joto, maana sisi wa nyanda za juu tunajua habari za rovu.

Sasa nikuulize, maharage unapikaje? Naona kama nakuona na magadi mkononi. Sumbawanga tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji yanachemka yakiwa na joto la nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage yanakesha jikoni na kila mama ana magadi kabatini. Lakini magadi nayo yana sodiamu, kitu kilekile kilicho kwenye chumvi kinachompandisha mzee presha. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya, magadi uyasahau. Vile vidonge vya supu vya dukani navyo, karibu nusu yake ni chumvi. Bizari ya pakiti isome kwa nyuma kabla hujalipa. Samaki wa chumvi mloweke, ubadilishe maji mara mbili.

Tuje kwenye steki yako. Nyama isiyo na mafuta ukiichemsha tangu mwanzo inakuwa kama kamba ya katani, na hapo hata gunia la chumvi halisaidii. Ikate nyembamba kwa kukatisha nyuzi. Itie kwenye mtindi na kitunguu saumu, tangawizi ya kutwanga na pilipili manga, ikae saa mbili tatu imefunikwa. Ikiwa ngumu sana, ipake papai bichi lililopondwa kwa nusu saa. Usilaze usiku, utaikuta uji. Ikung'ute, kisha kikaango kiwe cha moto kweli, na kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Weka vipande vichache vichache. Ukijaza, nyama itatoa maji na kujichemsha yenyewe, nawe utakosa ile rangi ya kahawia. Rangi hiyo ndiyo utamu wa mishikaki anaoufuata mume wako kila jioni, wala si chumvi peke yake! Ikishaiva, kamulia limau. Uchachu unaufanya ulimi udhani chumvi imeongezeka.

Kuku wa kienyeji mchemshe kwanza na tangawizi na mchaichai hadi alainike. Supu yake usiimwage. Kaanga kitunguu taratibu mpaka kiwe cha dhahabu, tia binzari nyembamba ndani ya mafuta hayo, maana harufu ya viungo hufunguka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kisha nyanya, kuku, na ile supu. Masika uyoga ukijaa sokoni, anika, saga, uweke kwenye chupa. Kijiko kimoja kwenye mchuzi kinafanya kazi ya vidonge vya dukani. Karanga za kusaga nazo zinaupa mchuzi uzito, ila kiasi, zina mafuta yake.

Ile chumvi ya potasiamu inayosifiwa usiinunue kabla ya kumwuliza daktari. Mwenye figo dhaifu, au anayetumia baadhi ya dawa za presha, inaweza kumdhuru. Vidonge vyake aendelee kumeza hata siku anayojisikia mzima.

Toa chupa ya chumvi mezani, weka limau lililokatwa, pilipili kichaa na kachumbari isiyo na chumvi. Mwache amalizie sahani yake mwenyewe. Ulimi huzoea ndani ya wiki kadhaa, si siku kadhaa. Lile koti usilipekue tena. Niandikie baada ya miezi miwili, uniambie presha inasoma ngapi na kama bado anachelewa kurudi.