Ni Mzimu, au ni Mtu?

Vitabu vya upelelezi hupendwa sana na vijana, na wazazi wengi hawajui wavipokee vipi. Wengine huvikataza kwa kuwa vimejaa maiti. Wengine huviacha vizagae nyumbani bila wao wenyewe kuvifungua. Yafaa leo tutazame aina moja ya vitabu hivyo, ile inayoweka uhalifu ndani ya jamii ishikayo mila zake na isiyopenda mgeni aingilie mambo yake.

Huko Marekani wako Waamishi, Wakristo ambao chanzo chao ni mfarakano uliotokea Ulaya mwaka 1693, ukiongozwa na Jakob Ammann. Hata leo wengi wao husafiri kwa magari ya kukokotwa na farasi, na aliyebatizwa kisha akaiacha jamii hutengwa. Mwaka 2009 mwandishi Linda Castillo alianza mfululizo wa hadithi za mauaji katika mji wa kubuni, Painters Mill, jimboni Ohio. Mpelelezi wake, Kate Burkholder, ni mkuu wa polisi aliyelelewa na Waamishi kisha akawaacha. Huyu ajua lugha yao, ajua na lile lisilosemwa mbele ya mgeni, na bado ana wajibu wa kuuliza.

Msomaji wa Marui, wilayani Kisarawe, hahitaji kuvuka bahari ili aielewe hali hiyo. Katika vijiji vya Uzaramo, kama katika vingi vya nchi hii, watu wamefungamana kwa undugu na ujirani, na askari akija kuuliza habari, majibu huwa mafupi. Wala hatuna haja ya kuazima mpelelezi wa Ohio, maana Waswahili walikuwa na wao karibu nusu karne kabla yake.

Huyo ni Bwana Msa, aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Abdulla alikuwa mkaguzi katika idara ya afya, kisha akawa mhariri wa magazeti. Tangu mwaka 1958 hadi 1968 alihariri Mkulima, gazeti la kilimo. Hadithi yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Zilifuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyinginezo.

Katika hadithi ile ya kwanza, Bwana Ali auawa, na maiti yake yaonekana penye mzimu, mahali pa kuogopwa tangu enzi za mababu. Kwa watu wengi jibu liko tayari: mahali penyewe ndipo pamemwua. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hawacheki watu hao, wala hawatukani wazee wao. Ila hakubali kuishia hapo. Ataka kujua nani alinufaika, nani ana uhusiano gani na nani. Kwa Abdulla siri kubwa mara nyingi imo katika nasaba na ndoa, jambo ambalo askari mgeni asingelijua hata akikaa mwaka mzima. (Kasoro anazo: sadfa ni nyingi mno, na Bwana Msa akianza kueleza, haishi upesi.)

Mwaka 1968, mwaka uleule kilipotoka Kisima cha Giningi, ulichapishwa pia Swifa ya Nguvumali, utenzi wa Hasani bin Ismail. Humo nako mna mauaji, lakini anayeitwa kumtafuta mwuaji ni mganga, Nguvumali, mfichuaji wa wachawi. Tuviweke vitabu hivyo viwili mezani pamoja. Mpelelezi huonyesha njia aliyopita, na msomaji aweza kumkosoa. Mganga hutoa jina, na mwenye jina hana la kujitetea.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na tangu mwaka 2007 nchi ilishtushwa na mauaji ya watu wenye ualbino, waliokatwa viungo ili vitumike kwa uganga. Mtoto akifa, au ng'ombe wakiisha, hutafutwa mtu wa kulaumiwa, na bibi aishiye peke yake hana ndugu wa kumsemea. Wanaolijua la kweli mara nyingi ni majirani, nao hunyamaza.

Basi wazazi wasiogope kukiingiza Mzimu wa Watu wa Kale nyumbani, kwa kijana aliyefikia umri wa kukifahamu. Kisomwe jioni kwa sauti, sura moja moja, na mlipokaribia mwisho kifungeni. Kila mmoja mezani, baba na mama wakiwamo, amtaje amdhaniaye kuwa mwuaji, kisha aulizwe ushahidi wake ni upi. Atakayejibu kwamba yule ana sura mbaya, au kwamba watu wote wasema hivyo, aombwe ajaribu tena kabla kitabu hakijafunguliwa.