SOMO: KIKUNDI CHA VIJANA NA USAFI WA MTAA

Katika chumba cha kufunga vidonda tunawaona vijana kuliko wazee. Huyu amepigwa chupa kichwani siku ya posho. Yule amekunywa kanyanga, akaanguka mferejini. Ukimwuliza, "Ulikuwa ukifanya nini pale?" anajibu, "Sikuwa na kitu cha kufanya, munganga." Tumesikia neno hilo mara nyingi, nasi tunajua ya kuwa ni kweli. Masomo yamekatika kwa kukosa feza, shamba la baba ni dogo, kazi ya mshahara haipatikani. Kijana anakaa kwenye njia panda tangu asubuhi hata usiku. Dawa ya kidonda tunayo. Dawa ya kukaa bure haimo katika kabati yetu.

Watu wengi wanasema dawa yake ni mpira. Sisi vilevile tulisema hivyo. Katika kituo kimoja nilipofanya kazi zamani tuliwanunulia vijana mpira mzuri, tukawaambia, "Chezeni, mwache pombe." Wakacheza miezi miwili. Wenye nguvu walicheza, wadogo walitazama, wasichana walipita na ndoo za maji vichwani. Kisha wawili wakagombana ni nani atakayelaza mpira nyumbani kwake, na mpira ukapasuliwa kwa kisu. Kosa lilikuwa letu. Tuliwapa kitu cha kuchezea, hatukuwapa kazi, wala hatukuwapa madaraka juu ya jambo lolote.

Sasa nitawaeleza habari ya kikundi kimoja kilichofanya namna nyingine. Kiko Nairobi, mji mkuu wa Kenya, katika bonde linaloitwa Mathare. Jina lake ni Mathare Youth Sports Association, nao watu wanakiita MYSA kwa kifupi. Kilianza mwaka 1987. Mathare ni mahali pa watu maskini wengi. Nyumba zimekaribiana sana, na takataka zilikuwa zikilundikana kati ya nyumba na ndani ya mifereji, kwa maana hakuna aliyezizoa. Mtu mmoja wa Kanada, jina lake Bob Munro, aliwaona watoto wakicheza na mpira waliojitengenezea wenyewe. Akakubali kuwasaidia kupanga mashindano, lakini akaweka sharti. Wao wakifanya kitu, naye atafanya kitu. Wasipofanya kitu, naye hatafanya.

Kitu chenyewe kilikuwa kuondoa takataka za mtaa. Angalieni namna walivyopanga, maana hapa ndipo penye akili. Timu inayoshinda mchezo inapata pointi 3. Timu inayomaliza kazi yake ya kusafisha inapata pointi 6, nazo zinaandikwa katika orodha ileile ya mashindano. Fanyeni hesabu. Timu moja imeshinda michezo 2, lakini haikushika koleo hata mara moja: ina pointi 6. Timu nyingine imeshindwa michezo yote 2, lakini imesafisha mahali pake: nayo ina pointi 6. Basi yule kijana asiyejua kupiga mpira amekuwa mtu wa faida kwa wenzake, na mchezaji hodari hawezi kuwadharau wenye koleo. Tena wazee wanaopita njiani wanawaona vijana waliozoea kuwaogopa, sasa wameinama mferejini. Mzee akimwona kijana hivi mara tatu, mara nne, ataanza kumsalimu kwa jina.

Sisi watu wa hospitali tunaipenda hesabu hiyo. Mfereji ukizibwa, mvua ikinyesha, maji yanapanda. Yanaingia katika choo, yanachukua mavi na kuyapeleka mpaka mlangoni, hata kisimani. Ndiyo njia moja ya kipindupindu, ya homa ya tumbo, na ya kuhara kunakoua watoto wadogo. Inzi wanazaa katika uchafu, kisha wanatua juu ya ugali wako. Panya wanapata chakula na mahali pa kujificha. Mikebe na matairi ya zamani yanashika maji ya mvua, na mbu wa namna fulani wanazaa humo. (Lakini mbu wa malaria wanapenda zaidi madimbwi ya maji yasiyo machafu sana. Kwa hiyo mtu asitupe chandarua chake kwa sababu mtaa umesafishwa.)

Katika miaka ya kwanza kikundi cha Mathare kilikuwa cha wavulana. Wasichana walianza kucheza mwaka 1992, wala haikuwa rahisi. Wazazi wengi walikataa. Waliuliza, ni nani atakayepika, ni nani atakayelea mtoto mdogo, na binti akichelewa njiani atapatwa na nini? Msicheke maswali hayo. Mama anayemwogopea binti yake gizani anaogopa jambo la kweli, nasi tunaoitwa usiku kuwatibu wasichana walioharibiwa tunalijua. Lakini jibu si kumfunga nyumbani. Jibu ni kucheza mapema, ili kila binti awe nyumbani kabla ya jua kuchwa. Tena wasirudi mmoja mmoja. Na juu ya mtoto mdogo, mwache dada yake aje naye uwanjani, wenzake wampokezane. Nimeona kikundi kinachosema mlango uko wazi kwa wote, lakini saa za mchezo ni saa zilezile za kuchota maji. Mlango huo haukuwa wazi.

Nao wasichana wakiwa pamoja wanasikia mafundisho wasiyoyasikia mahali pengine. Vijana wa Mathare walifundishwa habari ya UKIMWI, kisha wakawafundisha vijana wenzao. Hilo ni jema, kwa maana kijana hataniuliza mimi maswali yake ya siri. Ananiona mzee, ananiona nimevaa nguo nyeupe. Atamwuliza mwenzake, na mwenzake akijua kweli, atajibiwa kweli.

Kuna jambo lingine walilofanya juu ya masomo. Kijana anayefundisha wadogo mchezo, anayekuwa mwamuzi, anayesafisha, anahesabiwa pointi zake mwenyewe, na wenye pointi nyingi wanasaidiwa karo. Feza zinapelekwa shuleni, hazipitii mkononi mwa kijana, wala mwa mjomba wake. Kikundi hicho kilianzisha pia timu kubwa, Mathare United, mwaka 1994, nayo ikawa bingwa wa ligi ya Kenya mwaka 2008. Vijana wetu wanapenda kusikia hayo kuliko yote. Mimi napenda zaidi habari ya mifereji.

Huku kwetu Kongo tunajua ni nani wanaowatafuta vijana wasio na kazi. Wenye bunduki wanawatafuta. Wenye kutaka kura wanawatafuta, wanawagawia nguo zenye picha na pombe ya siku moja. Hao wote wanampa kijana jina na kundi na kazi, tena upesi. Basi wazazi na wazee wa kanisa wanaosema, "Tutafikiri habari ya vijana mwaka ujao," wajue ya kuwa wengine hawangoji mwaka ujao.

Ninyi mnaotaka kuanza, msingoje feza nyingi. Vijana wenyewe wachague viongozi wao, wavulana na wasichana. Feza ziandikwe katika daftari, na watu wawili waihakikishe mbele ya wote kila mwezi. Siku ya kusafisha, kila mtu avae viatu na kushika uchafu kwa koleo au reki, si kwa mkono mtupu. Wembe, chupa iliyovunjika na sindano vitiwe katika mkebe mgumu wenye kifuniko. Mtoto asiguse sindano hata kidogo, amwite mkubwa. Msichome plastiki, moshi wake ni mbaya kwa kifua. Aliyejikata aoshe kidonda mara moja kwa maji safi na sabuni, kisha aje hospitali siku ileile, tupate kujua kama alichomwa sindano ya kuzuia pepopunda. Kazi ikiisha, wote wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Ndipo mpira uletwe.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
Ni mfereji gani katika mtaa wetu unaojaa wakati wa mvua, na maji yake yanaingia wapi?
Wasichana wetu wanapata nafasi saa ngapi?
Ni nani atakayelinda daftari ya feza, na ni nani atakayeitazama pamoja naye?