P Moja au Mbili? Shadda ya Kiingereza



Ndugu zangu wanafunzi, nilipomaliza sekondari hapa Gihundwe niliandika barua ya kuomba ufadhili wa masomo. Niliinakili mara tatu kwa mwandiko safi, nikaituma. Siku chache baadaye nikamwonyesha nakala dada yangu, ambaye anafundisha Kiingereza. Alipofika mstari wa pili alicheka, kisha akanyamaza. "Mdogo wangu," akasema, "umewaambia watu hawa kwamba unarukaruka kwa mguu mmoja." Nilikuwa nimeandika I am hopping to study, nilipotaka kusema hoping, yaani natumaini. Ufadhili sikuupata. Siwezi kuilaumu p peke yake, lakini tangu siku hiyo nimezifuatilia herufi hizi kama mtu anayedai deni.

Kwa nini tunakosea hapa? Kinyarwanda hakiandiki konsonanti mbili za aina moja pamoja. Kiswahili kina chache, kama mmea na mmoja, na ile m ya kwanza inasikika: mea ni kitendo, mmea ni kitu. Madrasa nako tulifundishwa shadda, tukajua kwamba darasa ni alisoma na darrasa ni alifundisha. Sikio letu limezoea kuwa herufi ikiwa mbili, itasikika mbili. Kiingereza cha leo hakiendi hivyo. P ya hopping inatamkwa sawasawa na p ya hoping. Kinachobadilika ni irabu iliyotangulia: hoping ina "ou", hopping ina "o" fupi.

Basi usiisikilize konsonanti, isikilize irabu iliyo kabla yake. Dina ni dinner, chakula cha jioni. Daina ni diner, mtu anayekula. Ukisikia "rai" andika writing, t moja. Ukisikia "ri" andika written, t mbili. Zamani Waingereza walizitamka mbili kweli, kama Waarabu. Katika karne ya 12 mtawa mmoja aitwaye Orm aliandika kitabu kirefu akirudia konsonanti baada ya irabu fupi, ili msomaji ajue namna ya kutamka.

Unapoongeza -ing au -ed, angalia pia mkazo. Begin na refer zina mkazo mwishoni, kwa hiyo beginning, referred. Open, visit na offer zina mkazo mwanzoni, kwa hiyo opening, visited, offered. Hapa Kiswahili kinatuponza, maana sisi mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri, na begin tunaitamka kama open. Jifunze kwanza kuitamka, tahajia itafuata. Herufi l ina ubishi wake: Mwingereza huandika travelled, Mmarekani traveled. Chagua mmoja umfuate hadi mwisho wa karatasi.

Kuna maneno ambayo sikio halisaidii kabisa, kama accommodation, ambalo nimeliona limekosewa hata kwenye matangazo ya vyumba vya wanafunzi. Hapa elimu ya madrasa inatufaa. Mnakumbuka herufi za jua? Al ikikutana na shams, lamu inamezwa, tunasema ash-shams na shini inapata shadda. Kilatini kilifanya vivyo hivyo. Kiambishi ad kikikutana na c, d inamezwa na c inakuwa mbili: accept, accompany. Kikikutana na p, tunapata appoint. Na n, announce. Na t, attract. Kiambishi in kikikutana na l kinatoa illegal. Sasa ivunje accommodation: ad, kisha com, kisha mod. D imemezwa, tukapata c mbili. Com imegusana na mod, tukapata m mbili. Mod yenyewe ina d moja, haina cha kumeza.

Tahadhari moja kwa sisi wa Rwanda. Kiingereza kiliamuliwa kuwa lugha ya kufundishia mwaka 2008, na wazazi wetu wengi walisoma kwa Kifaransa. Baba alinisahihishia address ikawa na d moja, kwa sababu Kifaransa ni adresse. Alikuwa sahihi kwa lugha yake. Vivyo hivyo Kifaransa kina appartement, mariage na trafic. Kiingereza kina apartment, marriage na traffic. Ukiwa na shaka, usimuulize aliyesoma kwa lugha nyingine, hata kama ni mzazi. Fungua kamusi, kwa adabu, akiwa hayupo.

Zoezi: mpe mwenzako karatasi hii akusomee, wewe uandike bila kuangalia: stopped, hoping, occurred, offered, committee, collect, assist, necessary. Mimi dada yangu bado ananifanyia hivyo kila nikirudi nyumbani. Safari iliyopita nilikosa embarrass. Niliandika r moja.